Mgema Aliyesifiwa Asitie Tembo Maji

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Onyo hilo tumelizoea mno, hata tumeligeuza kuwa udhuru. Mtu akipandishwa cheo akaacha kufanya kazi tunacheka na kusema ndivyo wagema walivyo. Mwanazuoni akivaa joho jekundu, kisha asifungue tena kitabu kwa miaka kumi, tunamwamkia kwa heshima zote na kumpa kiti cha mbele. Tumesahau kwamba methali hii ilitungwa ili itukanye. Haikutungwa ili itutabirie.

Leo nataka kumzungumzia mgema mmoja aliyesifiwa na akakataa kutia maji. Aliitwa Gerald Wilson, Mmarekani mweusi, mpiga tarumbeta, mtunzi na mpangaji wa muziki wa bendi kubwa za jazi. Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1918 katika mji mdogo wa Shelby, jimbo la Mississippi, akafariki mjini Los Angeles tarehe 8 Septemba 2014, siku nne baada ya kutimiza miaka 96. Akiwa hajafika miaka 30, na bendi yake ikiitwa katika kumbi kubwa za nchi yake, aliivunja kwa hiari yake ili apate nafasi ya kusoma. Nitajaribu kuonyesha kwa nini uamuzi huo unatuhusu sisi tuliomo vyuoni, na unawahusu zaidi wale waliomo madarakani.

Msomaji wa Tanzania au Kenya analijua neno jazz kutokana na majina ya bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz. Muziki wa bendi hizo ulikuwa na undugu wa karibu zaidi na rumba ya Cuba na Kongo kuliko muziki wa New York, lakini jina lilikuwa limevuka bahari kutoka Marekani, na heshima ya tarumbeta na saksafoni ikavuka pamoja nalo. Bendi kubwa ya Kimarekani ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa jeshi dogo. Ilikuwa na watu 16 hivi, pengine 18: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni tano, na nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma.

Watu wanne wanaoelewana wanaweza kupiga muziki kwa kusikilizana tu. Watu 16 wakijaribu hivyo, kila mmoja akipuliza alichojaliwa, zitasikika kelele za mnadani. Hapo ndipo anapohitajika mpangaji. Neno hili lina bahati mbaya katika Kiswahili, kwa kuwa wengi wakilisikia humfikiria mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Mpangaji wa muziki ni yule anayechukua wimbo, ambao pengine ni kipande kifupi tu kilichoimbwa kwa mdomo, akaamua nani aanze, nani apokee, nani anyamaze, saksafoni zitandike sauti gani chini ya mwimbaji, na tarumbeta ziingie wapi kuitikia. Akishaamua, humwandikia kila mwanamuziki karatasi yake ya noti. Usiku wa onyesho watu humshangilia mwimbaji na mpiga solo. Aliyekesha mezani wiki nzima akiandika hatajwi, na mara nyingi hata ukumbini hayumo.

Wilson alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga piano, na ndiye aliyemfundisha muziki kwanza. Mississippi ya wakati ule ilikuwa nchi ya ubaguzi wa sheria, na mtoto mweusi aliyetaka kusoma mbali alilazimika kuhama. Wilson alipelekwa Memphis, kisha Detroit, akaingia katika shule ya Cass Technical. Ninaomba msomaji aitazame shule hiyo kwa makini. Ilikuwa shule ya umma. Iliwapokea watoto weusi na weupe pamoja, na iliufundisha muziki kama somo la kazi, sawa na ufundi mwingine wowote wenye kanuni zake. Baada ya Wilson, walipita humo Donald Byrd, Paul Chambers na Ron Carter, majina ambayo mpenzi yeyote wa jazi huyatamka kwa adabu. Tunapenda kusema kipaji ni zawadi ya Mungu, nami sina ubishi. Lakini Mungu aliyetoa vipaji Detroit ametoa pia Iringa na Kakamega. Kilichozidi kule ni shule yenye ala, chumba cha mazoezi na mwalimu anayejua anachofundisha.

Mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 20, Wilson aliitwa na Jimmie Lunceford, kiongozi wa mojawapo ya bendi mashuhuri kabisa za watu weusi. Lunceford mwenyewe alikuwa mwalimu, na bendi yake ilianzia kwa wanafunzi aliowafundisha katika shule ya Manassas mjini Memphis. Kiti alichopewa Wilson kilikuwa kimeachwa na Sy Oliver, mtu aliyekuwa mpiga tarumbeta na mpangaji kwa wakati mmoja, aliyehamia kwa Tommy Dorsey. Kijana akarithi kazi mbili. Muda si mrefu bendi ikawa inapiga vibao vyake, kikiwemo Yard Dog Mazurka cha mwaka 1941.

Kibao hicho kina mkasa wake. Mwaka 1946 bendi ya Stan Kenton, kiongozi mweupe mwenye jina kubwa, ilirekodi kibao kiitwacho Intermission Riff, na kikawa miongoni mwa vipande vilivyoitambulisha bendi hiyo kwa miaka mingi. Anayevisikiliza vyote viwili hahitaji shahada ya muziki kutambua kwamba wazo kuu ni lile lile, na waandishi wa historia ya jazi wamelisema jambo hili mara kadhaa. Lakini kama mtunzi liliandikwa jina la mtu mwingine, Ray Wetzel. Ndiyo hali ya mpangaji: kazi yake huenda mbali kuliko jina lake. Wilson angeweza kuumaliza ujana wake akilalamika, na angekuwa na haki. Alichagua kuandika vingine.

Vita Kuu ya Pili ilimpeleka katika Jeshi la Majini, katika kambi ya mafunzo ya Great Lakes, Illinois, ambako wanamuziki wengi weusi waliwekwa katika bendi za jeshi. Alipotoka akarudi Los Angeles, na mwaka 1944 akaunda bendi yake mwenyewe. Bendi ilipanda haraka. Ilivuka nchi nzima hadi Harlem, New York, ikapiga katika ukumbi wa Apollo, mahali ambapo mwanamuziki mweusi akishangiliwa alijua kwamba amefika. Mialiko ikaongezeka, malipo yakaongezeka, na jina likawa linajitangaza lenyewe.

Ni hapo alipoivunja. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye alieleza sababu kwa lugha nyepesi: aliona amefika alikokuwa akienda mapema kuliko alivyotazamia, na alipojipima akakuta hajui vya kutosha. Alitaka kuandika muziki wa aina nyingi na kwa uwezo zaidi ya aliokuwa nao. Makofi ya watu hayakumdanganya kwamba uwezo huo tayari anao. Akarudi mezani, akazisoma kazi za watunzi wa muziki wa okestra kama Igor Stravinsky, akachambua jinsi walivyozijenga sauti.

Ninapolisimulia jambo hili kwa wanafunzi wangu huwa naona nyuso za mashaka. Mmoja aliwahi kuniuliza kama mtu huyo hakuwa na wazee wa kumshauri. Swali lile lilinichekesha, kisha likanifikirisha, kwa sababu ni swali la haki katika jamii tunayoishi. Kwetu mtu hushauriwa kung'ang'ania. Akipata ukuu wa idara, ashike. Akipata ubunge, asiachie hata kama hana tena la kusema bungeni. Kushuka kwa hiari kunahesabiwa kuwa ama ugonjwa, ama kashfa ambayo haijatangazwa. Hatuna hata neno zuri la kumwita mtu aliyeshuka akiwa bado anashangiliwa.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe, yaani chuo kikuu. Shahada ya uzamivu, kwa maana yake halisi, ni cheti kinachothibitisha kwamba mtu ameonyesha anaweza kufanya utafiti bila kushikwa mkono. Ni leseni ya kuanza safari. Lakini tumeifanya kuwa kaburi la heshima: mtu akishaandikiwa 'Dk.' mlangoni, mengi yanaishia hapo. Maelezo ya mihadhara yanazeeka, karatasi zinabadilika rangi, na kizazi kipya cha wanafunzi kinanakili mifano ile ile iliyonakiliwa na kaka zao. Nao walio nje ya vyuo wameyaona manufaa ya herufi hizo mbili, wakazitamani kama mapambo. Leo ni nadra kuhudhuria mkutano wa hadhara usimsikie mshereheshaji akitaja 'Daktari' wa heshima mara tatu kabla ya kutaja alichokuja kusema. Cheo kimechukua nafasi ya ujuzi ambao cheo kilikusudiwa kuushuhudia.

Wilson alikuwa na ushuhuda wote ambao dunia yake ingeweza kumpa: ukumbi wa Apollo, mabango, watu waliolipa viingilio. Akautenganisha ushuhuda na kitu chenyewe. Hilo ndilo ninalotaka tujifunze kwake. Sifa hutolewa na wengine, nao huitoa kwa kadiri ya wanachokisikia. Kiasi cha ujuzi kinajulikana kwanza na mwenye kazi. Mgema ndiye anayejua kilichomo ndani ya kibuyu kabla mnywaji hajaonja.

Sitaki kuifanya hadithi hii iwe ngano ya watoto, ambamo mwema husoma na kesho yake akatajirika. Kusoma hakukumpa Wilson mkate mara moja. Mtu aliyekuwa na bendi yake alirudi kuwa mwajiriwa katika bendi za wengine, akiandika na kupiga tarumbeta kwa Count Basie na kwa Dizzy Gillespie. Hebu fikiria waziri wa zamani wa kwetu anayerudi darasani kufundisha kidato cha pili. Tungemwita aliyefulia. Mwaka 1949 Wilson aliongoza bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday katika ziara ya majimbo ya Kusini. Ziara ikavunjika njiani, na wanamuziki wakabaki mbali na kwao bila kazi. Na huko Los Angeles kwenyewe, hadi mwaka 1953, chama cha wanamuziki kilikuwa na matawi mawili, moja la weupe na moja la weusi. Kazi zenye malipo ya uhakika, kama vile kurekodi muziki wa filamu, zilikuwa kwa sehemu kubwa upande wa weupe. Ilihitajika kampeni ya miaka kadhaa, iliyoongozwa na wanamuziki kama Buddy Collette na Marl Young, hadi matawi hayo yakaunganishwa. Kwa hiyo mtu huyu hakushuka kutoka kilele kimoja kwenda kupumzika kwenye kingine. Alishuka akaingia katika uwanja uliopangwa ili ashindwe.

Matunda yalikuja taratibu. Kuanzia mwaka 1961 alianza kutoa albamu na bendi yake mpya kwa kampuni ya Pacific Jazz ya Los Angeles, na safari hii kila mpenzi wa jazi alisikia kwamba huyu si kijana wa Apollo tena. Alipanga sauti zikapandana nyingi kwa wakati mmoja, hadi nane tofauti, bila kuugeuza muziki kuwa fumbo: mguu wa msikilizaji uliendelea kugonga sakafu. Duke Ellington, ambaye hakuwa na uhaba wa watu wa kuandika, alimtumia. Ray Charles alipoamua mwaka 1962 kuziimba nyimbo za watu weupe wa mashambani, jambo ambalo wengi walidhani lingemwangusha, Wilson alikuwa mmoja wa wapangaji wa albamu hiyo, Modern Sounds in Country and Western Music, nayo ikawa miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote alizowahi kutoa. Watu wakasema Ray Charles ana kipaji cha ajabu, nao walisema kweli. Chini ya sauti yake, hata hivyo, palikuwa na kalamu ya mtu aliyekubali kusoma wakati wengine wanakusanya viingilio.

Mwaka huo huo wa 1962 alitoa kibao kiitwacho Viva Tirado, alichokitunga kwa heshima ya José Ramón Tirado, mpigana na ng'ombe wa Mexico. Mke wa Wilson alikuwa na asili ya Mexico, na kwa njia hiyo alijifunza utamaduni wa majirani wa Los Angeles ambao wengi waliishi nao bila kuwajua. Miaka minane baadaye, mwaka 1970, kundi la vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico, El Chicano, likakipiga upya kibao hicho kikavuma nchi nzima, na kikawa kama kitambulisho cha jamii yao. Fikiria: jamii moja iliyodharauliwa inapata wimbo wa kujitambulisha kutoka kwa mtu wa jamii nyingine iliyodharauliwa, kwa sababu tu mtu huyo alikuwa na tabia ya kuendelea kujifunza. Nchi zetu zinazopigana vikumbo kwa ukabila zingefaidika kulifikiria hilo.

Mwaka 1972 Wilson aliandika kazi kwa ajili ya okestra ya Los Angeles Philharmonic, iliyokuwa ikiongozwa na Zubin Mehta, nayo ikapigwa. Ilikuwa yapata robo karne tangu aivunje bendi yake ili aweze kuandika mambo kama hayo. Mwenye haraka ataiita robo karne hiyo hasara. Mimi naiita bei halali.

Lakini mtu aliyesoma akajifungia na elimu yake angekuwa nusu tu ya mfano ninaoutafuta. Nusu ya pili ni ugawaji. Wilson alipounda bendi yake mwaka 1944 alimpa kiti cha tromboni msichana wa miaka 18, Melba Liston, katika zama ambazo mwanamke alikubalika kwenye bendi akiwa mwimbaji, amevaa gauni la kung'aa, basi. Alimpa kiti, akampa pia nafasi ya kukua katika kazi ya kuandika. Ile ziara ya Billie Holiday ilipovunjika, Liston naye alikuwemo, akakata tamaa kwa muda, akafanya kazi ya ofisini katika idara ya elimu ya Los Angeles. Baadaye Dizzy Gillespie akamrudisha katika bendi yake, na Liston akawa mmoja wa wapangaji wanaoheshimiwa zaidi katika muziki huo.

Na hapa, ndugu msomaji, hadithi inafika nyumbani. Mnamo Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi jijini New York albamu iliyoitwa Uhuru Afrika, ya kuzipokea nchi za Afrika zilizokuwa zikijikomboa. Mpangaji wa albamu hiyo, aliyewaandikia noti wanamuziki zaidi ya 20, alikuwa Melba Liston. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na sauti inayoifungua inazungumza Kiswahili. Ni sauti ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa huko wakati ule, ambaye baadaye wengi walimfahamu kama mwanasiasa wa Makete. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Waingereza. Uhuru wetu ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Miaka michache baadaye serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Walijua kusikiliza kuliko tunavyodhani.

Sisemi kwamba pasipo Wilson pasingekuwa na Uhuru Afrika. Historia haina uzi mmoja. Ninachosema ni kwamba kiti alichopewa msichana mmoja huko Los Angeles kilikuwa sehemu ya njia iliyofikisha lugha yetu katika kazi hiyo, na aliyekitoa hakuwa na habari. Mwalimu mwema hupanda bila kujua mvuno utaliwa na nani. Liston naye alipanda: katika miaka ya 1970 alikwenda kufundisha Jamaica. Wilson kwa upande wake alifundisha kwa miongo kadhaa katika vyuo vikuu vya California, Northridge na UCLA vikiwemo, mbele ya madarasa ya mamia ya wanafunzi, ambao wengi hawakukusudia kuwa wanamuziki. Hakuingia humo kwa mlango wa shahada ya uzamivu. Aliingia kwa mlango wa kujua.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Watasema muziki si dola. Mwanamuziki anaweza kuivunja bendi asubuhi na jioni akaunda nyingine. Kiongozi akiondoka nchi inayumba, wapinzani wanaingia, na wenzake waliomtegemea wanakosa ulaji. Hoja hii ina uzito, ila historia yetu wenyewe imeshaijibu. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchini kukijenga upya chama na kuandika fikra zake. Hakuna mtu aliyekuwa akishangiliwa Tanganyika nzima kama yeye wakati ule. Kijitabu chake cha Ujamaa ni cha mwaka huo huo. Nchi haikuanguka, na kabla ya mwaka kwisha alirudi akiwa Rais. Wapo watakaobishana juu ya sababu zake zote za kuondoka, na wapo wanaozikosoa sera zilizofuata. Mimi mwenyewe nimezikosoa hapa hapa. Lakini alituachia ushahidi kwamba mtu anaweza kuweka chini madaraka makubwa kabisa akaenda kufikiri, na jua likachomoza kesho yake.

Hoja ya pili ni ya umaskini. Mhadhiri au mtumishi wa umma akiacha nafasi yake kwa mwaka mmoja akasome, watoto watakula nini? Hii ni kweli tupu, na ndiyo maana sitaki jambo hili liachiwe ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Wilson alilipa bei kubwa kwa sababu hakuna taasisi iliyomsaidia kuilipa. Sisi tunaweza kuipunguza bei hiyo. Vyuo viheshimu likizo ya utafiti kama haki yenye bajeti, isiwe hisani ya mkuu wa idara. Upandishaji vyeo uulize mtu amejifunza nini kipya tangu cheo kilichopita, kabla ya kuhesabu karatasi alizochapisha. Vyama vya siasa vilivyo na mamia ya viongozi wanaozungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine viwape wao pia muda wa kukaa chini na kusoma, wakirudi waeleze walichokisoma.

Na tuanze kuwatambua wapangaji wetu. Katika bendi zetu za dansi na vikundi vyetu vya taarabu walikuwepo, na bado wapo, watu walioamua tarumbeta iingie wapi na fidla inyamaze wapi. Sehemu kubwa ya kazi yao haikuandikwa kwa noti. Imo vichwani, na kila mzee mmoja anapozikwa, maktaba nzima inaingia kaburini pamoja naye. Mpango wa kuwarekodi, kuwahoji na kuziandika kazi zao hauhitaji fedha za kununulia ndege. Unahitaji idara chache za muziki, wanafunzi wenye masikio na wasimamizi walio tayari kuwaacha wazee waongoze somo.

Wilson alitoa albamu yake ya mwisho mwaka 2011, akiwa amepita miaka 90. Tangu mwaka 1990 alikuwa na tuzo ya juu kabisa ambayo serikali ya Marekani huwapa wanajazi, na angeweza kukaa barazani akaitazama ukutani. Akaendelea kuandika. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu wenye vyeo, wakubwa kwa wadogo, tujiulize swali moja kabla ya sherehe ya kupongezana inayofuata: tangu mara ya mwisho tuliposhangiliwa, tumejifunza nini? Atakayekosa jibu asiwalaumu wanywaji siku watakapoonja na kutema.